Bima ya kifo ya miaka 15, mimi mjane mwenye watoto watatu: nichukue ipi, na pesa iandikwe jina la nani?

FundiWaKenya (Lubumbashi)

Hamjambo wote. Nitaandika marefu, mnivumilie. Umeme umekatika tangu saa mbili asubuhi, mashine imelala, na kichwa changu hakilali.

Nashona nguo komini ya Kenya. Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Kuna mtu alishaniuliza hapa bei ya gauni kwa shilingi. Nina miaka 36. Watoto ni watatu: wa kwanza 12, wa pili 9, kitinda mimba 4. Baba yao alifariki 2021, huyu wa mwisho akiwa na miezi miwili. Alikuwa dereva wa kampuni ndogo iliyokuwa ikichukua kazi kwenye migodi ya upande wa Kolwezi. Aliifanyia kazi miaka sita. Siku nilipokwenda CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuuliza pensheni ya mjane na yatima, jina lake halikuwemo. Mwajiri alikuwa anamkata kila mwezi, karatasi za mshahara ninazo mpaka leo. Hiyo ni kesi nyingine, nisiifungue hapa.

Ya kilio mnayajua. Siku ya tatu, watu hata hawajakunja mahema, shemeji zangu walitoa friji, televisheni, godoro, na cherehani yangu ya kwanza, ambayo niliinunua kwa zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kabla hata ya kuolewa. Kabati ndilo lilibaki, kwa sababu fundi alikuwa ameliunganishia mle mle chumbani na halikupita mlangoni. Ndilo naweka vitambaa vya wateja sasa.

Basi. Nikifa mimi, hawa watoto wana mtu mmoja tu: yaya yangu wa Likasi, yaani dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wa mwalimu sina haja ya kuwaeleza. Ndiyo maana nataka bima ya kunifikisha mpaka huyu mdogo awe na miaka 19. Miaka 15. Ikishapita hiyo, nitakuwa mwanamke mzima mwenye watoto wazima, tutajua la kufanya.

Nina karatasi mbili mezani, za kampuni mbili.

Ya kwanza ni ya kifo tu. Dola 16 kwa mwezi, miaka 15, nikifa katikati wanatoa 20,000. Nisipokufa, hakuna kitu. Wanasema asante na kontra imekwisha.

Ya pili ni ya kuchanganya kifo na akiba. Dola 40 kwa mwezi, miaka 15, mtaji 7,000. Nikifa wanapewa watoto, nikiishi napewa mimi, "pamoja na faida". Nimetafuta hiyo faida ni kiasi gani kwenye kurasa zote tisa, sijaiona.

Kaka yangu anasema ya kwanza ni kutupa pesa motoni. Mama mmoja wa kwaya anasema naita kifo. Na ajenti wa hii ya pili alipofika kwenye maswali ya afya nilimwambia nina presha, ilianza na mimba ya tatu. Akasema, "Mama, weka hapana kila mahali, hakuna atakayekuja kukupima." Nikanyamaza. Tukafika penye jina la wa kupokea pesa. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaandika: warithi halali. Hapo nikamrudishia kalamu yake.

Kipato changu: Julai mpaka Septemba ni mashati meupe na sketi za buluu za shule, naweza kubaki na dola 500 kwa mwezi baada ya kitambaa na kodi ya kibanda. Februari na Machi, 180 nikiwa na bahati.

Ningechukua ipi? Na ile nafasi ya jina niandike nini?

Mwana_Kasapa

Mama, achana na makaratasi. Hiyo 40 ya kila mwezi iweke, baada ya miaka michache unapata parseli, kiwanja chako, upande wa Kasapa au Annexe. Udongo haufi. Bima ni watu wa kola na tai wanakula pesa zenu.

FundiWaKenya

@Mwana_Kasapa kaka, wazo si baya, na parseli naitaka. Lakini piga hesabu nami. Nikifa mwaka wa pili nitakuwa nimeweka dola 960. Hiyo ni parseli gani? Na hata ikiwepo, parseli ndicho kitu cha kwanza ambacho watu wa kilio wanauliza hati yake iko wapi. Nilishaona.

NilikuwaAjenti

Nilifanya kazi ya kuuza bima za maisha hapa Lubumbashi kwa miaka miwili, nikaacha. Sina kampuni ya kukutangazia. Nitasema ninayoyajua.

Anza na hesabu ambayo hukufanya, au ulifanya ukaogopa kuiandika. Dola 40 mara miezi 180 ni 7,200. Wanakuahidi 7,000. Yaani ukiishi, kitu pekee kilichoandikwa kwa tarakimu ni kidogo kuliko ulichotoa mwenyewe. Faida inaweza kuja, inaweza isije; isiyoandikwa usiihesabu. Ukitaka kumjua ajenti, muulize swali moja: nikisimama mwaka wa kwanza narudishiwa ngapi? Mwaka wa pili? Wa tatu? Jedwali hilo wanalo. Kwenye bima nyingi za namna hii mwaka wa kwanza ni sifuri na wa pili ni kitu cha kusikitisha, na watu wengi wa soko wanasimama katika miaka hiyo hiyo miwili, kwa sababu Februari ni Februari.

Ile ya 16: mara 180 ni 2,880. Kaka yako anasema zinaungua. Ndiyo, zinaungua, kama zile franga ambazo mnachanga kanisani kila kukiwa na kilio. Hukuwahi kudai zirudi kwa sababu wewe hukufa. Watu wa umri wako wengi hawafi ndani ya miaka 15, na hela yao ndiyo inalipa watoto wa wale wachache. Kwa sababu hiyo mtaji unaweza kuwa 20,000 kwa ada ndogo. Ukitaka na akiba, una 24 ya tofauti kila mwezi. Iweke mwenyewe, likelemba au benki au huko Kasapa kwa ndugu hapo juu, na miaka 15 ikiisha ni 4,320 bila faida yoyote, na uliweza kuzigusa siku mtoto alipougua.

Kwa nini alikusukumia ya pili? Komisheni inahesabiwa kwenye ada. Asilimia ya 40 na asilimia ya 16 si ndugu. Mimi nililisha nyumba yangu hivyo, kwa hiyo sitamtukana.

Sasa mambo ya kuangalia kwenye hiyo ya 16. Je, ni 16 miaka yote 15, au ni kontra ya mwaka mmoja inayojirudia yenyewe? Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Kuna nyingi zinaitwa za muda mrefu, kumbe kila mwaka zinaanza upya, ada inapanda na umri, na kampuni inaweza kukataa kuendelea siku utakayokuwa mgonjwa. Unataka maneno "ada haibadiliki" na "muda miaka 15" kwenye ukurasa wenye saini, si kwenye karatasi ya rangi ya matangazo.

Ukichelewa kulipa, wanakupa siku ngapi kabla ya kuikata? Omba ulipe mara moja kwa mwaka, Septemba, ukiwa na hela ya uniformi. 192 mwezi wa tisa kwako ni rahisi kuliko 16 mwezi wa pili, na mara nyingi anayelipa mwaka mzima anapunguziwa kidogo.

Na leseni. Mpaka sheria ya Machi 2015 nchi nzima ilikuwa na SONAS peke yake, kampuni ya bima ya serikali. Kampuni binafsi za kwanza zilipewa ruhusa 2019. Anayetoa ruhusa ni ARCA, mamlaka ya kusimamia bima, na orodha ya walio na ruhusa wanaitangaza. Usiridhike kuona jina la kampuni. Uliza kama ruhusa yao ni ya bima ya maisha. Kampuni inaweza kuwa na ruhusa ya magari na moto, ikawa haina ya maisha. Ajenti naye ana kadi yake. Na pesa mkononi mwake, hapana. Risiti ya kampuni au usitoe.

Muzee_wa_Reli

Binti yangu, nina miaka 71, nilifanya kazi ya reli hapa Lubumbashi. Vijana wamekuambia mengi, mimi naongeza moja tu: kontra iandikwe dola, si franga. Mtaji kwa dola na ada kwa dola.

Miaka ya themanini niliweka akiba ya zaire, hela yetu ya wakati ule, kwa ajili ya harusi za binti zangu wawili. 1993 wakaleta zaire mpya: milioni tatu za zamani zikawa moja. 1998 ikaja franga: laki moja za zaire mpya zikawa franga moja. Hakuna aliyeniibia hata senti, daftari lilikuwa sahihi kabisa, kila mstari na muhuri wake. Harusi tuliifanya kwa kapenta na bia za mkopo.

Na kuhusu kuita kifo. Baba yangu alinunua suti yake ya kuzikwa nayo akiwa mzima, akaiweka kwenye sanduku la bati na dawa ya nondo. Ilikaa miaka 19. Mzee alinenepa, ikambana, ikabidi anunue nyingine. Mwambie huyo mama wa kwaya.

MungangaKamalondo

Mimi ni munganga kwenye kituo cha afya, Kamalondo. Kuhusu presha.

Nenda ukapime siku tatu tofauti, asubuhi, umekaa chini dakika tano kwanza, si umefika unahema kutoka sokoni. Wakuandikie kwenye daftari lako la afya pamoja na tarehe. Ikiwa inarudi 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha na inahitaji kufuatwa, bima au hakuna bima. Una miaka 36 na ilianza kwenye mimba, usiichezee.

Kwenye fomu andika ndiyo. Kampuni itafanya nini? Itakuomba uonwe na daktari, au itapandisha ada, au itakataa. Yote matatu utayajua ukiwa hai. Ukiandika hapana, hawatakuja kukupima, hapo ajenti alisema kweli. Watakuja siku umekufa. Watauliza hospitali, na faili yako ya uzazi ya 2021 iko pale na presha imeandikwa kwa wino. Wakishaonyesha kuwa ulificha makusudi, wanaweza kuifuta kontra yote, na yaya yako atabaki na karatasi tu. Ajenti hatakuwepo chumbani. Saini ni yako.

KaraniWaKadutu (Bukavu)

Mama, pole kwa kilio na kwa cherehani. Mimi ni karani kwa avoka, yaani wakili, hapa Bukavu, Kadutu, na faili za namna hii napanga mimi. Ajenti wako aliandika maneno mawili, na hayo mawili ndiyo yangekula bima yote.

"Warithi halali" maana yake ni kwamba kampuni haitamlipa mtu yeyote mpaka ijulikane warithi ni nani, kwa hiyo ni karatasi za urithi, ni mkutano wa familia, ni foleni. Kwa Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto ndio kundi la kwanza na robo tatu ni yao. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo wamo mume au mke aliyebaki, wazazi, kaka na dada za marehemu. Kwako wewe maana yake ni wazazi wako na ndugu zako. Kwa hiyo kaka yako anayesema ni pesa za motoni angejikuta na sehemu yake ya moto.

Shemeji zako hawamo kabisa kwenye urithi wako. Lakini wataingia kwa mlango mwingine, na huo mlango ni watoto. Chini ya miaka 18 mtoto hapokei hundi. Anapokea mtu mzima kwa niaba yake. Siku ya nne ya kilio atatokea baba mdogo mwenye suti: "Hawa ni damu yetu." Na kama kwenye kontra hakuna jina wala kwenye droo hakuna wosia, atakuwa na nguvu mbele ya watu. Wa kuamua malezi ni tribunali ya watoto, ile iliyokuja na sheria ya 10 Januari 2009, na mnayo Lubumbashi. Jaji atasikiliza. Mpe kitu cha kusikiliza.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwenye kontra, majina kamili ya watoto watatu, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na sehemu ya kila mmoja. Halafu wosia wa mkono: uandike wote wewe mwenyewe kwa mkono wako, si kompyuta, si mtoto akuandikie kwa sababu hati yake ni nzuri, tarehe, saini. Humo useme unataka nani awalee na kwa nini, na yaliyotokea 2021 uyataje bila matusi. Jaji anaweza kuamua vingine, ila atakuwa ameyasoma.

Sasa swali ambalo watu hawaulizi mpaka wafiwe: watoto wana vyeti vya kuzaliwa? Vyote vitatu? Kuandikisha ni ndani ya siku 90. Zikipita, unaenda kuomba hukumu ya kuziba pengo, ile wanayoita sipletifu. Na majina yafanane herufi kwa herufi na kadi yako ya mpiga kura na kitabu cha shule. Tuna faili hapa ambayo mtoto ana jina la babu kwenye cheti na jina la ubatizo shuleni. Kampuni haikukataa kulipa. Iliuliza tu, "Huyu ni nani?" Kujibu kulichukua miezi minane.

La mwisho, na hili ni la kwetu zaidi. Soma ukurasa wa mambo ambayo bima hailipi. Kujiua katika kipindi cha mwanzo huwa kumo. Vita na fujo mara nyingi vimo pia. Lubumbashi mnaweza kuruka mstari huo. Goma tangu waasi wa M23 waingie Januari 2025, na sisi Bukavu tangu Februari, hatuuruki. Hata ada yenyewe: yangu ilikuwa inakatwa kwenye akaunti, benki ikafunga milango mwezi huo wa pili, nami nikabaki na kontra nzuri isiyo na njia ya kulipiwa. Binamu wa Kinshasa ndiye analipa, namrudishia kwa simu. Muulize kampuni yako njia ya pili ya kulipa ni ipi, kabla hujaihitaji.

FundiWaKenya

Nimesoma mara mbili. Muzee, aksanti sana, suti ya baba yako imenichekesha mpaka mteja akauliza kuna nini.

Karani, umenigusa penye kidonda. Wa kwanza na wa pili wana vyeti. Huyu mdogo hana. Baba alifariki ana miezi miwili, halafu kilio, halafu kutafuta nyumba, siku 90 zikapita nikiwa sijui hata leo ni siku gani. Kwa hiyo nitaanza huko.

Lakini nieleweshe kitu. Kwa nini nisiandike tu yaya peke yake? Ninamwamini kuliko mtu yeyote duniani. Alinipokea Likasi miezi minne na watoto watatu, chakula kikawa bukari na sombe kila siku na hajawahi kunikumbusha.

KaraniWaKadutu (Bukavu)

Unaweza. Na atalipwa haraka, bila tribunali wala mkutano. Ila siku hiyo pesa ni yake, si ya watoto. Yeye unamjua. Je, mume wake? Deni lake? Na Mungu apishie mbali, yeye akitangulia mwaka mmoja baada yako, 20,000 zinaingia kwenye urithi wake na watoto wake ndio wa kundi la kwanza. Wako watasubiri mlangoni.

NilikuwaAjenti

Gawa. Jina la mpokeaji halilazimiki kuwa moja. Mwandike yaya asilimia 15, hiyo ni 3,000: kilio, usafiri wa watoto kwenda Likasi, minervali (ada ya shule) ya mwaka wa kwanza, na chakula ambacho mwalimu hawezi kukitoa mfukoni. Asilimia 85 ya watoto, 17,000, uliza kama kampuni inakubali kuitoa kwa mafungu kila mwezi badala ya mkupuo. Kuna kampuni zinazo, wanaiita renti ya masomo. Ukifa mwanzoni kabisa, 17,000 kwa miezi 180 ni kama dola 94 kwa mwezi. Hakuna baba mdogo atakayevaa suti kwa ajili ya dola 94 kwa mwezi.

Na andika mpokeaji wa akiba: huyu asipokuwepo, basi fulani. Mstari mmoja tu.

Mwana_Kasapa

Nimerudi kusoma. Sikujua ya cheti cha mtoto. Wangu wawili hawana.

FundiWaKenya

Ndugu zangu, zimepita wiki tatu, nawapa habari.

Nilipima. Siku ya kwanza 138 kwa 88, ya pili 146 kwa 92, ya tatu 142 kwa 90. Munganga, ulisema kweli, ni presha, naanza kidonge. Nilikwenda kwenye ofisi ya ile ya kwanza mwenyewe, bila ajenti, nikaandika ndiyo kwenye swali la presha. Yule dada wa dirishani akaniangalia kama mtu aliyeomba kulipa zaidi. Wakanituma kwa daktari wao, akapima, akachukua damu na mkojo. Baada ya siku nane wakanipigia: wamekubali, ila si 16 tena, ni 19. Nilikasirika kama nusu saa. Halafu nikakumbuka kuwa 19 hiyo ina daktari wao ndani yake. Hawawezi kesho kusema hawakujua.

Kwa mwaka ni 228. Nililipa zote, na hela ya mashati. Nimeacha ya simu kama njia ya pili, imeandikwa.

Miaka 15 na "ada haibadiliki" vimo, ukurasa wa tatu. Dola vimo, muzee. Wa kupokea: yaya 15, watoto 85 sawa kwa sawa, kwa mafungu ya kila mwezi. Renti ya masomo wanayo kweli, ila hakuna aliyeitaja mpaka nilipoitaja mimi. Mpokeaji wa akiba nimemwandika kaka yangu. Ndiyo, yule yule. Nilipomwambia akanyamaza, akauliza ada inayofuata inalipwa lini, kama naweza kusahau anikumbushe. Bado anasema natupa pesa.

Cheti cha mdogo: nimeweka ombi tribunali ya watoto, wamenipa tarehe mwezi ujao. Kwenye kontra wamemwandika kwa kadi ya chanjo kwa sasa, na wamesema nikileta hukumu watabadilisha. Nimepiga picha ya maneno hayo na jina la aliyeyasema.

Wosia niliuandika usiku, watoto wamelala. Nilidhani ni nusu ukurasa. Ulifika kurasa tatu. Pale pa 2021 nilikuwa nimeweka matusi mawili, nikayakumbuka maneno ya karani, nikaandika upya yote tangu juu, maana sikutaka jaji aone nilipofuta. Orodha ya vitu vilivyochukuliwa nimeiacha, pamoja na cherehani, aina yake na mwaka nilioinunua.

Kopi moja iko Likasi, yaya ameiweka ndani ya Biblia yake. Nyingine imo kwenye kabati, lile lisilopita mlangoni.

Umeme umerudi. Nina mashati kumi na manne ya kukata kabla ya Jumatatu.